Flashi Nne za Ambokile

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Inaingia, inavuta kiti,
na wateja wanakaa nayo barazani kwangu
wakisubiri mashine iamke.

Mashine yenyewe mtumba wa Mwanjelwa,
herufi N imefutika, betri ni jina tu.
Windows yake ilikuwa inawaka
kama kuni mbichi za mparachichi:
moshi mwingi, chai hakuna.

Ambokile akaja na flashi nne kwenye kamba,
shingoni, kama funguo za mtunza stoo.
"Dada Subilaga, hizi zote ni Linux.
Ukoo mmoja, ila kila nyumba na mchuzi wake."
Nikamwambia sitafuti ukoo,
natafuta kitu kitakachochapa.

Ubuntu ikatangulia.
Jina hilo bibi yangu angelielewa bila mkalimani:
ubundu, angesema, akaiwekea ndizi mezani.
Na utu ilikuwa nao. Iliitambua printa bila kuulizwa.
Lakini ilikaa kama mgeni mnene
kwenye kochi la watu wawili;
nikifungua barua moja na picha mbili za pasipoti
feni inalia hadi muuza vitumbua anageuka.

Fedora nilidhani ni kofia.
Kweli ilipendeza, kila kitu kipya kama sare ya Januari.
Ila kila nikiwasha inaomba masasisho,
bando la wiki likaisha Jumanne.
Kijana anayebadili shati mara tatu kwa siku,
maji ya kufulia unachota wewe.

Debian, siku ya kwanza, haikuuona mtandao.
Ambokile akasema inakosa dereva.
Nikamwambia stendi ipo hapo, madereva wamejaa.
Hakucheka. Alikesha.
Baada ya hapo ikafanya kazi
kama mlinzi wa kiwanda cha chai:
koti lile lile, saa ile ile,
hachelewi, na hakuchekei.

Mint ndiyo niliyobaki nayo.
Mkono ulikwenda ulikozoea, chini kushoto,
ukakuta mlango.
Mwalimu Anyelwisye alichapa mtihani wa Kidato cha Pili
asijue kwamba nyumba imehamwa.
Sikusema haina kasoro.
Jedwali la parachichi la AMCOS lilifika mistari imeteleza,
kilo za Mwasambili zikasomeka kwa Mwakalinga.
"Hilo si kosa la Linux," Ambokile alisema, "ni kosa la faili."
Mwasambili hakuuliza kosa ni la nani.
Aliuliza kilo zake.

Kisha, mwezi wa nne, Mwasambili akafariki.

Mjane alikuja usiku, karatasi ndani ya mfuko wa sukari,
ratiba ya mazishi kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la sita.
Umeme ulikuwa umekatika.
Uliporudi saa kumi alfajiri ulirudi kwa kishindo,
na diski yangu ikakata roho.
Ambokile alikuwa Kiwira, simu yake haipatikani.
Flashi zilikuwa kwangu, kwenye msumari.
Nikapapasa moja, nikachomeka,
nikafanyia kazi humo humo bila kusimika chochote,
kama mtu anayepika kwenye jiko la jirani.

Ilikuwa ile ya kwanza, mgeni mnene.
Ilichukua muda wake kuketi.
Nikaandika: Wimbo. Neno. Wasifu wa marehemu.
Jina lake nililikagua mara tatu
lisiteleze tena kwenda kwa mwingine.
Printa ikatambuliwa bila kuulizwa.
Nakala themanini.
Feni ikalia,
na safari hii hakuna aliyegeuka.

Jumatatu Ambokile akaleta diski mpya,
akauliza tusimike ipi.
Weka Mint, nikamwambia, mkono wangu umeshaizoea.
Ila ile flashi ya kwanza usiondoke nayo.
Iache kwenye droo,
pale karibu na mishumaa.